Mvuvi Aliyepewa Kifo cha Seneca

Katika makumbusho ya Louvre mjini Paris imo sanamu ya marumaru nyeusi ya mzee aliyeinamia mbele, mbavu zinahesabika, ngozi ya tumbo imelegea, mdomo umeachama kama wa mtu anayetafuta pumzi. Ni mvuvi. Wachongaji wa Kiyunani wa kale walipenda kuchonga wazee maskini wa pwani na wa sokoni, na Warumi wakanakili kazi hizo. Hii ni mojawapo ya nakala za Kirumi. Hata hivyo kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya hawakumwita mvuvi. Sanamu ilipopatikana Roma ilikuwa imevunjika. Ikaangukia mikononi mwa ukoo wa Borghese, mafundi wakaiunga, wakaisimamisha ndani ya beseni, na wenye elimu wakaafikiana kwamba mzee yule ni Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyeamriwa na Kaizari Nero ajiue mwaka 65. Beseni likahesabiwa kuwa ndimo yalimokuwa maji ya moto aliyoingizwa Seneca baada ya damu kukawia kutoka. Hivyo mzee wa nyavu, asiyejulikana hata kijiji chake, akapata jina kubwa, na pamoja na jina akapata kifo kisichokuwa chake.

Peter Paul Rubens, mchoraji wa Antwerp katika Ubelgiji ya leo na bingwa wa mtindo wa Baroko, aliishi Italia kuanzia mwaka 1600 hadi 1608, akaichora sanamu hiyo kwa chaki na kurudi kwao na michoro. Mnamo 1612 au 1613 akaitoa kwa rangi ya mafuta. Picha hiyo, Kifo cha Seneca, sasa iko Munich. Kisa chake kimetoka kwa mwanahistoria Tacitus. Nero alimshuku mwalimu wake wa zamani kwamba alikuwamo katika njama ya kumuua, akatuma askari. Seneca akakata mishipa ya mikono, lakini mwili wa mzee aliyekuwa akila kidogo haukutoa damu kwa kasi. Akakata na ya miguu. Akanywa sumu, nayo isimfikishe. Wakati wote huo alikuwa akiwaita waandishi wake na kuwatamkia maneno ya kuandika. Rubens amemsimamisha ndani ya beseni, mwili mtupu isipokuwa kitambaa kiunoni, macho yameelekea juu. Mtu mmoja ameushika mkono wake na kuuchanja, askari wamesogea karibu na silaha zao, na chini pembeni kijana anaandika, shingo ameinyoosha, kana kwamba akipitwa na neno moja halitarudi. Mwanga wote umemwagwa juu ya ngozi ya mzee. Ni ngozi ya yule mvuvi: mbavu zile zile, magoti yale yale yaliyokunjika kidogo.

Uso nao una kisa chake. Rubens alikuwa na sanamu ya kichwa cha kale ambayo watu wa zama zake waliamini kuwa ni ya Seneca, mzee aliyekonda mwenye nywele zilizomwangukia kipajini. Mwaka 1813 ikapatikana Roma sanamu nyingine yenye jina la Seneca limechongwa waziwazi, na mwenye jina hilo ni mtu mnene, mwenye upara na kidevu kilichojaa. Kile kichwa kilichokonda hakikuwa cha Seneca hata kidogo. Kwa hiyo picha mashuhuri kuliko zote za kifo cha mwanafalsafa huyo ina kiwiliwili cha mvuvi na uso wa mtu mwingine. Na bado ni picha ya kifo cha Seneca, wala hakuna aliyeiondoa ukutani. Jambo hilo lawahusu sana watu wa kusini mwa Tanzania, kwa maana linaonyesha ni kitu gani hasa kinachotengeneza picha ya kifo cha mtu mkuu. Kufanana sura hakuhitajiki. Ustadi unahitajika, lakini hautoshi. Kinachoamua ni kuwapo kwa watu wanaomhitaji maiti yule kwa jina lake, wakawa tayari kumtaja kwa fundi na kumlipa.

Antwerp ya Rubens ilikuwa na watu hao. Ilikuwa imetoka katika miongo ya vita, na mapatano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini mwaka 1609 tu. Msomi Justus Lipsius, aliyefariki mwaka 1606, alikuwa amewafundisha vijana wa tabaka la juu kwamba falsafa ya Seneca ya kustahimili ndiyo dawa ya nyakati mbaya, na mwaka mmoja kabla ya kufa alitoa toleo la maandishi yake. Philip, kaka wa Rubens, alikuwa mwanafunzi wa Lipsius. Akafariki mwaka 1611. Katika miezi ya msiba huo Rubens alichora picha nyingine, iliyoko Florence, inayomwonyesha Lipsius, marehemu kaka yake na yeye mwenyewe, na nyuma yao kile kichwa cha bandia cha Seneca. Mtu akiyaweka hayo pamoja anaona kwamba picha ya Munich inazungumzia Antwerp zaidi ya Roma. Ni maombolezo ya waliobaki, yaliyovishwa joho la mtu aliyekufa zaidi ya miaka 1,500 kabla.

Sasa tuje Mtwara. Kutoka Mikindani hadi Msimbati, na kuupandisha mto Ruvuma mpaka uwanda wa Newala na ng'ambo yake Mueda nchini Msumbiji, pamoja na Mohoro na Songea zilizo mbali zaidi, vifo vya kihistoria havijakosekana. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya kuwakinga wapiganaji na risasi, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vichanga kabisa. Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni walinyongwa pamoja, na Nduna Songea Mbano, aliyeuachia mji jina lake, akanyongwa pia. Mueda, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno waliufyatulia risasi umati uliokuja kuzungumza na wakuu wa serikali. Chama cha ukombozi cha FRELIMO kilitaja waliouawa zaidi ya 600, kumbukumbu za Wareno zikataja wachache mno, na ubishi wa idadi haujaisha. Nao mafundi hawajakosekana. Hakuna watu wa Afrika Mashariki waliojulikana duniani kwa kuchonga umbo la binadamu kuliko Wamakonde. Vifo vipo, mikono ipo. Lakini pita katika mabanda ya vinyago, Mtwara au Mwenge ya Dar es Salaam, utafute Kinjikitile chini ya mti wa kunyongewa. Utaonyeshwa shetani, mti wa uhai, mama na mtoto, Mmasai na mkuki.

Sababu haiko mbali. Wamakonde wengi wa upande wa Msumbiji walivuka Ruvuma katika karne ya 20 kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mikindani na kwingineko, wakawa wanachonga baada ya kazi ili wajiongezee kipato. Mpingo unataka subira. Fundi huanza na shoka na tezo kuondoa ganda la nje, ambalo ni jeupe kama maziwa yaliyoganda, mpaka afike kwenye moyo mweusi; hapo huingia patasi, halafu tupa na msasa, na mwisho gogo linang'arishwa mpaka mtu ajione ndani yake. Fundi mmoja akikosea pigo moja siku ya nane, kazi yote imekwenda. Mtu anayefanya kazi hiyo kwa ajili ya ugali hawezi kubahatisha mnunuzi. Na mnunuzi wa miaka ya 1950 na 1960, kupitia wafanyabiashara wa Dar es Salaam kama Mohamed Peera, alikuwa mgeni aliyetaka kitu cha ajabu cha Afrika, kisicho na tarehe wala jina la mtu.

Historia ya mitindo miwili mikuu ya mpingo inaonyesha jambo hilo wazi. Yasimuliwa kwamba mtindo wa shetani ulianzia kwa Samaki Likankoa, ambaye kinyago kilimvunjikia mikononi, akakigeuza kiumbe kisicho cha kawaida, naye Peera akakipenda na kuagiza vingine. Ule mnara wa watu waliopandana, unaoitwa Ujamaa, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, na inaelezwa kwamba mwanzoni ulimwonyesha mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake. Kulikuwa na tukio pale, kulikuwa na mtu aliyeshinda na watu waliombeba. Likaja soko na siasa ya wakati ule, mshindi akayeyuka, pakabaki umoja. Sisemi kwamba Ujamaa ni jina baya, wala kwamba kazi hizo ni duni. Baadhi yake ni miongoni mwa sanamu bora zilizowahi kutengenezwa barani. Nasema tu kwamba njia imekwenda kinyume. Roma ilichukua sanamu iliyovunjika isiyo na jina ikaipa jina na kifo. Kwetu sanamu iliyovunjika ikawa shetani, na sanamu ya mtu ikapokonywa mtu wake. Katika hali zote mbili aliyeamua ni mnunuzi.

Atatokea wa kusema kwamba chanzo ni dini: pwani hii ni ya Kiislamu, na Uislamu hauridhii sanamu za viumbe. Ni kweli kwamba Mikindani mkono wa fundi ulikwenda kwenye milango, kwenye maua na minyororo ya nakshi, ukakwepa uso wa mtu. Lakini hoja hiyo haifiki mbali. Uwandani, Newala na Tandahimba, wengi ni Waislamu leo na vinyago vya jando havikuwahi kukoma. Wachongaji wa Mueda walioshika soko la mpingo walitoka katika jamii isiyofungwa na katazo hilo. Na Antwerp yenyewe si mji uliozaliwa unapenda sanamu: mwezi Agosti 1566 Waprotestanti waliingia katika kanisa kuu la mji huo wakavunja sanamu na kuchana picha, miaka 46 tu kabla ya Rubens kushika brashi kumchora Seneca. Dini huamua sanaa iingie mlango gani. Haimalizi haja ya watu ya kuwakumbuka wafu wao, na haja ikiwa kubwa sanaa hutafuta dirisha. Wala asiseme mtu kwamba kuchora picha ya tukio si jadi ya huku. Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, majivu ya Maji Maji yakiwa bado ya moto, aliwapa wenyeji na wapagazi karatasi na kalamu, nao wakamchorea ngoma, wanyama, misafara na watu, akiwamo yeye mwenyewe.

Pingamizi kubwa zaidi ni la mapiko, na mwenye kulitoa anastahili kusikilizwa. Atasema: kwa nini mtu wa Ruvuma ahitaji picha ya kifo ukutani ilhali ana ngoma inayomrudisha marehemu akiwa anacheza? Lipiko, umoja wa mapiko, ni kinyago cha kuvaa kichwani, kimechongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi kimepandikizwa nywele halisi za binadamu na kutiwa nakshi za chale za Kimakonde. Upande wa Tanzania wapo midimu, ndugu zao. Kinapotokea uwanjani wakati wa kuwatoa wari, kwa walio nje ya siri ni mfu aliyefufuliwa, na hofu yao ni sehemu ya mchezo. Hapa hakuna dakika ya kukata roho. Kifo kimekwisha kupita, na kinachoonyeshwa ni ushindi juu yake. Ukilinganisha, Seneca wa Rubens anakufa tena kila asubuhi mlango wa makumbusho unapofunguliwa, bila kumaliza. Mtu anaweza kusema kwa haki kwamba mapiko yamekwenda mbele zaidi.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Mapiko yamefanya kazi kubwa, na ng'ambo ya mto yamewahi kubeba sura za watu wanaojulikana, wakoloni wa kuchekwa na viongozi wa ukombozi wa kutukuzwa, jambo linalothibitisha kwamba fundi wa Kimakonde akitajiwa mtu anamchonga. Lakini lipiko linamhitaji mchezaji, mpiga ngoma, na umati unaojua tayari nani anarudi. Vikikosekana hivyo, linabaki ukimya. Ushahidi ni kile kinyago cha Kimakonde kilichoibwa pamoja na vitu vingine 16 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, kikatambuliwa mwaka 1990, na kurudishwa nchini mwaka 2010 baada ya majadiliano ya miaka ishirini. Wageni waliokitazama Uswisi waliona kazi nzuri ya mkono. Hakuna hata mmoja aliyeweza kujua kwa kukitazama tu kilimrudisha nani. Picha ya Rubens imejengwa kwa ajili ya asiyejua: beseni, kisu, askari, mwandishi, vyote vinamweleza mgeni kwamba huyu anauawa kwa amri, na kwamba maneno yake yanaokolewa. Mjukuu wa Mtwara aliyekulia Toronto au Muscat, asiyepitia jando la huku, anahitaji kitu cha namna hiyo. Ngoma itaendelea kumhudumia aliyeko uwanjani.

Wapo pia watakaouliza tutamchonga vipi Kinjikitile ilhali hatujui sura yake. Rubens ameshajibu, naye hakujua sura ya Seneca. Kilichomfaa ni maandishi, na maandishi tunayo. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ulichapishwa mwaka 1957. Ebrahim Hussein, naye mtoto wa pwani hii ya kusini, alitoa tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, na mwenyewe akatahadharisha kwamba mhusika wake amezaliwa na fikra, asichukuliwe kuwa nakala ya yule wa historia. Hapo Hussein alifanya kile kile Rubens alichofanya kwa mvuvi. Alichukua mwili uliopo, akaupa sauti aliyoihitaji kwa ajili ya Tanzania ya baada ya uhuru, na yule Kinjeketile wa jukwaani, anayekataa kukiri kwamba maji ni uongo ingawa kukataa kunamwongezea mateso, ndiye anayeishi vichwani mwa wanafunzi wa sekondari hadi leo. Jukwaa limetangulia. Mpingo na turubai vimebaki nyuma.

Pingamizi la mwisho ni la heshima, nalo ndilo linalonipa shida kuliko mengine. Wajerumani walipiga picha za wafungwa wa Maji Maji wakiwa na minyororo shingoni. Mwili wa mshindwa ulioonyeshwa ulikuwa tayari ni silaha ya mshindi. Familia ya Mbano inaamini kwamba kichwa cha babu yao kilichukuliwa kwenda Ujerumani, na tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Je, tuwanyonge tena wazee wetu kwa patasi? Naona tofauti iko katika nani ameshika kalamu ndani ya picha. Picha ya mkoloni inamwonyesha mfungwa na kumnyamazisha. Rubens amemweka mwandishi miguuni pa Seneca, na kwa sababu ya mwandishi huyo askari waliojaa upande wa pili wanaonekana wadogo. Seneca naye alikuwa mshindwa. Nero alibaki na kiti chake kwa miaka mitatu zaidi. Kushindwa hakumvunjii mtu heshima mchorani, fundi akijua amwelekeze wapi mtazamaji.

Kuna tahadhari moja kwa watu wa Mtwara hasa. Shujaa wao mkubwa wa wakati ule, Machemba, Myao aliyetawala uwandani kwa Wamakonde, hakufa mbele ya umati. Mwaka 1890 alimwandikia kamishna wa Kijerumani Hermann von Wissmann barua ya Kiswahili akisema haoni sababu ya kumtii, kwamba urafiki anaukubali lakini kuwa chini yake hawezi. Na mwaka 1899, nguvu zilipomwishia, akavuka kwenda Msumbiji. Tukitaka vifo tu, Machemba atatuponyoka. Yeye anastahili kuchongwa akiwa na karatasi mkononi, na si lazima kila historia ikamilishwe kwa damu.

Hakuna aliyechelewa. Seneca alingoja zaidi ya karne kumi na tano kumpata Rubens. Kinjikitile amengoja zaidi kidogo ya karne moja. Kinachokosekana ni agizo. Kila mwaka ofisi za umma, vyuo na makampuni hununua vinyago vya mpingo vya kumpa mgeni rasmi au mstaafu, na karibu daima agizo huwa moja: Ujamaa mkubwa, uwe umeng'arishwa vizuri. Mwenye kushika fungu hilo safari ijayo amtajie fundi jina, mahali na tarehe, ampe tamthilia ya Hussein au utenzi wa Lindi asome au asomewe, amlipe kwa siku atakazozitumia kufikiri, na amwachie mwenyewe aamue kama ni kwa mpingo au kwa rangi.